Kiatu cha Kushoto cha Orrin Zastrow

Jumanne ile ya mwezi wa pili, saa nne asubuhi, duka la viatu la Kolstad lilijaa watu kuliko lilivyowahi kujaa tangu Ardis ashike funguo zake. Watu kumi na mmoja. Aliwahesabu mara mbili. Walipanga foleni kutoka kaunta hadi mlangoni, theluji ikiyeyuka kwenye buti zao na kufanya madimbwi juu ya zulia, na kila mmoja amekumbatia kifurushi. Hakuna hata mmoja aliyekuja kununua kiatu.

Walikuja kurudisha vitu. Sufuria, koti lililobana kwapani, taa ya kitanda, kitanda cha paka ambacho paka amekikataa. Vyote vilinunuliwa kwa simu kutoka kampuni kubwa ya mtandaoni isiyo na duka hata moja hapa Wisconsin, na sasa vilikuwa vinarudi huko vilikotoka kupitia mikono ya Ardis Kolstad, muuza viatu. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Mtu anaonyesha kipicha cha vidoti kwenye simu yake, mashine inalia tii, taa inawaka kijani, mzigo unatupwa kapuni. Mwenye mzigo anaaga, anakwenda zake. Hakuna anayeangalia rafu za viatu.

"Mwenzangu, biashara imekuchangamkia kweli," alisema Bernadine Pribyl, rafiki yake tangu darasa la kwanza. Hicho kilikuwa kifurushi chake cha tatu wiki hiyo, na wiki yenyewe ndiyo kwanza imeanza.

"Imenichangamkia mimi au imekuchangamkia wewe? Hiki nacho ni nini?"

"Viatu," akasema Bernadine, halafu akajiziba mdomo.

"Viatu!"

"Vya mazoezi, Ardis. Vya kurukaruka. Wewe huna vya kurukaruka."

"Ninavyo aina nne. Viko nyuma ya mgongo wako."

Bernadine akageuka, akavitazama kama mtu aliyeonyeshwa chumba kipya ndani ya nyumba yake mwenyewe. "Lo! Basi mimi sikujua," alisema. Vilikuwa pale mwaka wa saba. Mashine ikalia tii, taa ikawaka kijani, na Ardis akabaki amesimama na viatu vya watu mkononi, hajui acheke au akasirike.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana sisi watu wa mji huu wa Pell Creek ni hodari wa kusema mambo mtu akishatoka. Wapo wanaosema Ardis hakujua biashara. Waongo hao! Mwanamke huyu alizaliwa ghorofani juu ya duka lile mwaka 1961, akajifunza kutembea katikati ya maboksi, na kabla hajajua kusoma alishajua kumtambua mtu kwa kisigino. Baba yake, mzee Halvor, alikuwa na sheria moja tu dukani, nayo ilikuwa kali kuliko amri za kanisani: mguu haupewi kiatu kabla haujapimwa. Hata kama ulipimwa mwezi jana. Hata kama wewe ni mchungaji. Utakaa kwenye kile kiti cha ngozi nyekundu, utavua soksi, na Halvor atapiga goti mbele yako na kile kipimo chake cha chuma, baridi kama barafu ya ziwani, atakupima mguu wa kulia, atakupima wa kushoto, kisha atakuambia usimame akupime tena. Halafu anaandika kwenye kadi. Kila mtu mjini alikuwa na kadi yake, na kadi zote zilikaa ndani ya sanduku la mbao chini ya kaunta.

Halvor alipofariki mwaka 1993, Ardis alirithi duka, kiti chekundu, kipimo na sanduku la kadi. Aliolewa na Duane, fundi wa mabomba, mtu mpole, akamzika miaka sita iliyopita. Binti yao, Kari, alikwenda Madison kufanya kazi ya bima, akakaa huko huko. Ardis akabaki na miguu ya watu.

Miguu ikaanza kupungua, na kilichomchanganya ni namna ilivyopungua. Laiti watu wangemkimbia, angeelewa. Lakini hawakumkimbia! Walimpenda, walimletea biskuti za tangawizi wakati wa Krismasi, walimuuliza habari za Kari. Mwanamke mmoja alikaa kwenye kiti chekundu saa nzima, akapimwa, akajaribu jozi tisa, akasema, "Ardis, wewe ni dhahabu, wapi tena siku hizi mtu anapata huduma kama hii?" Kisha, akiwa bado amekaa pale pale, na kiatu cha Ardis mguuni, akatoa simu na kuagiza kiatu kile kile kwingine. Akaonyesha kabisa. "Ona, wanacho cha bluu!" Ardis akasema kweli, bluu ni nzuri. Alimfungulia mlango, akarudi kupanga yale maboksi tisa, na kila boksi alilolishika alijiuliza: hivi mimi nauza nini hasa?

Ndiyo maana kampuni ilipoomba kuweka kaunta ya vifurushi dukani kwake, majira ya joto yaliyopita, alikubali. Alidhani mtu akija na mzigo ataondoka na soksi. Hawakuondoka na soksi.

Sasa kampuni ilitaka zaidi. Kijana wao mmoja wa ofisi ya Milwaukee, aitwaye Bryce, mwenye shati lililonyooka na adabu nyingi, alikuwa ameleta karatasi. Kodi ya jengo watalipa wao miaka mitano. Ardis atapata mshahara wa kila mwezi na likizo. Ila viatu vyote vitoke, rafu zitoke, kiti kitoke, na ghala la chini ya sakafu liwe tupu kwa ajili ya makapu yao. Atie saini Ijumaa, kabla ya saa sita mchana. Akikataa, kaunta itahamia kituo cha mafuta kilichoko ng'ambo ya barabara, na bila kaunta, duka la Kolstad halikuwa na uhai wa kufika mwezi wa tano. Hilo Ardis alilijua vizuri.

Kari alipiga simu kila siku wiki ile. "Mama, unangoja nini? Watu wangapi wa umri wako wanaletewa mshahara mlangoni?"

"Najua, mwanangu."

"Basi tia saini."

"Nitatia."

"Lini?"

"Kari, nikitia, Orrin Zastrow atavaa nini?"

Kari akapumua kwa nguvu. "Mama, tafadhali. Unataka kuendesha duka zima kwa ajili ya miguu miwili?"

"Miguu miwili isiyolingana," alisema Ardis.

Huyu Orrin ni mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, shamba lake liko njia ya kaskazini, baada ya daraja. Alipokuwa na miaka tisa, gurudumu la tela la majani makavu lilimpita juu ya mguu wa kushoto. Mguu ukapona, lakini haukukua kama mwenzake. Alipokuwa mtu mzima, wa kulia ulivaa namba kumi na moja, wa kushoto namba tisa. Kwa hiyo kila mwaka, mwezi wa kumi, mahindi yakishavunwa, alihitaji jozi mbili za buti: achukue kulia kwa hii na kushoto kwa ile. Mzee Halvor alimtoza bei ya jozi moja. Alisema mtu hawezi kulipishwa mguu asiokuwa nao. Vile viatu viwili vilivyobaki, cha kushoto namba kumi na moja na cha kulia namba tisa, alivitia katika boksi moja, akaandika mwaka kwa penseli, akavipeleka chini ghalani. Labda iko siku, alisema, ataingia mtu mwenye miguu ya kinyume chake. Ardis aliendeleza desturi hiyo. Mtu wa kinyume hakuwahi kuingia, na maboksi yalijaza ukuta mzima.

Mwezi wa kumi uliopita Orrin hakuja. Mwezi wa kumi na moja hakuja. Ardis alimwona Ijumaa moja kwenye mlo wa samaki wa kukaanga kule klabuni, wakasimama pamoja kwenye foleni ya saladi ya kabichi.

"Ng'ombe hawajambo?" aliuliza Ardis.

"Hawajambo. Duka?"

"Lipo."

"Baridi mwaka huu."

"Baridi kweli."

Basi! Yakaishia hapo. Mungu atusamehe, hivyo ndivyo tulivyolelewa huku kwetu. Nyumba ya jirani inaweza kuwaka moto, nasi tutasimama uani kwetu tukijiuliza kama ni adabu kumwambia. Ardis alirudi nyumbani akijiuliza: anaumwa? Amefilisika? Nimemuudhi? Na hakumuuliza, na Orrin hakusema.

Ikawa hivyo wiki nzima. Asubuhi akiamka alikuwa ameshaamua kutia saini. Akimaliza kupiga mswaki ameghairi. Alhamisi akaanza kutoa viatu kwenye rafu ya kwanza, na alipofika katikati akaanza kuvirudisha. Kichwa kilimzunguka kama mtu aliyeshuka kwenye bembea. Akaona heri akale.

Mji mzima unajua kwamba Alhamisi saa saba mchana Ardis anakula supu yake chumba cha nyuma, na Bernadine anamshikia kaunta. Siku hiyo Bernadine alikuwa amekwenda kung'olewa jino. Kwa hiyo kengele ya mlango ilipolia, aliyetoka na kijiko mkononi alikuwa Ardis mwenyewe, na aliyesimama mlangoni na boksi kwapani alikuwa Orrin Zastrow.

"Bernadine hayupo?" aliuliza Orrin.

"Ameenda kung'oa jino."

"Basi nitapita siku nyingine."

"Orrin. Lete hapa."

Akalileta. Alitembea akichechemea, zaidi ya Ardis alivyokumbuka. Sheria ya kampuni ilisema mzigo wa viatu lazima ufunguliwe, mhudumu wa kaunta aone kama viko viwili. Ardis akaufungua, naye kabla hajaondoa karatasi yote alishajua. Buti mbili mpya: ya kushoto namba kumi na moja, ya kulia namba tisa.

Alizigeuza, akasoma namba mara ya pili.

"Umenunua jozi mbili," alisema.

"Ndiyo."

"Kwao."

"Kwao, ndiyo."

"Na unawarudishia hizi kama jozi moja."

Orrin alikuwa amevua kofia, anaizungusha mikononi. "Wanasema ukirudisha jozi hawaulizi. Nikajaribu tu. Wanangu walicheka sana."

Ardis akaisogeza ile mashine. Tii. Kijani. Haikuona ubaya wowote. Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo Pell Creek watu hawafanyi, aliuliza.

"Nimekukosea nini, Orrin?"

"Ah, hapana. Hapana, Ardis! Wewe?" Uso wa mzee wa watu ukaiva wote. "Ni yale maboksi."

"Maboksi gani?"

"Ya kule chini. Mwaka juzi ulinituma nikutolee ngazi, unakumbuka? Nikayaona. Yamepangwa ukuta mzima, na kila moja lina mwaka wake. Nikajua basi, ni mimi ninayekumaliza. Wakati huo Duane hayupo, rafu zinapungua, halafu mimi nakuja kila mwaka nakuharibia jozi mbili na kulipa moja. Nikasema, mtu mwenye haya angekwenda kwingine. Nikaenda kwingine."

"Ungeniambia!"

"Ningekuambiaje? Ungesema si kitu."

Kweli, angesema si kitu. Ardis aliketi kwenye kiti chekundu, kijiko bado mkononi. "Orrin, yule kijana wa kampuni anataka nifunge. Karatasi iko pale tangu wiki iliyopita. Sijatia saini kwa sababu nilikuwa nawaza wewe utavaa nini."

Wakatazamana. Mmoja alikaa mbali ili duka lisife, mwingine alishikilia duka lisife kwa ajili ya huyo aliyekaa mbali, na wote wawili walikuwa wameonana kule klabuni wakaongea habari za baridi.

"Zinakubana?" mwishowe Ardis aliuliza. "Hizo mpya?"

"Hapana. Ni lile jeraha tu. Uzee." Akavaa kofia. "Namba ni zile zile za kwako. Tisa na kumi na moja. Nilizikumbuka kichwani." Akatoka, akichechemea hadi kwenye gari lake.

Namba ni zile zile za kwako. Maneno hayo yalimkaa Ardis kifuani. Aliinama chini ya kaunta, akavuta sanduku, akatafuta herufi ya Z, akatoa kadi ya Orrin. Mwandiko wa baba yake, mwaka baada ya mwaka, vipimo viwili viwili, amekaa na amesimama. Kisha mwandiko wake mwenyewe, mara moja, Oktoba 1993: kushoto 9, kulia 11. Na chini yake, mwaka 1994, alama ya vema. Mwaka 1995, vema. Vema, vema, vema, hadi chini ya kadi na nyuma yake.

Hakuwahi kumpima tena, miaka thelathini na zaidi! Na sababu alikuwa anaijua, ingawa hakuwahi kumwambia mtu. Alipokuwa na miaka mitano, amekaa kwenye ngazi za duka, aliletwa mvulana wa Zastrow kuvuliwa soksi mbele ya watu, na yeye Ardis akapaza sauti, "Mbona mguu wake umekunjika vile?" Mvulana alilia hadi mabega yakatikisika. Halvor hakumpiga binti yake. Alimtazama tu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Kwa hiyo alipopata funguo, alimpima Orrin mara moja, uso wa Orrin umegeukia dirishani, akajiapia kutomwaibisha tena. Tangu hapo ikawa, "Kama kawaida, Orrin?" "Kama kawaida, Ardis." Aliona ni heshima.

Yeye aliyekuwa akiwalaumu watu wanaonunua kwa namba bila kupimwa. Yeye! Alimuuzia mteja wake wa karibu kuliko wote kwa namba za zamani, kama ile mashine inavyofanya, na mashine angalau haikuwahi kumjua utotoni. Supu ikapoa kule nyuma.

Ijumaa asubuhi alimpigia simu. "Orrin, lete miguu yako."

Nyuma yake ng'ombe alisikika akilia. "Yote miwili?"

"Yote miwili. Kabla ya saa sita."

Bryce alifika saa tano na nusu na nakala yake ya karatasi ile ndani ya jalada la bluu. Foleni ilikuwa ya watu saba, Bernadine akiwa wa kwanza, shavu limevimba, kifurushi mkononi. Saa sita kasoro dakika ishirini Orrin akaingia. Alikuwa amevaa buti zake za zamani alizonunua kwa Ardis, maana zile mpya zilikuwa zimemshinda.

"Kaa," alisema Ardis. Kisha akawageukia waliokuwa kwenye foleni. "Na ninyi wote geukeni, mtazame viatu. Hamjawahi kuvitazama."

Wakageuka, jamani. Watu wazima saba wameshika vifurushi, wametazama rafu kama watoto walioadhibiwa, na Bryce naye akageuka, ingawa hakuna aliyemwambia kwa nini.

Ardis akapiga goti. Goti likalalamika. Orrin alivua buti ya kulia, akavua ya kushoto, akasita, akavua soksi. Mguu wenyewe haukuwa kitu cha kutisha hata kidogo. Ulikuwa mguu wa mzee, mweupe, na kovu lililofifia. Ila vidole vyake vilikuwa vimejikunja kwa kubanwa, na kidole kikubwa kilikuwa na kigaga cheusi kwenye ukucha. Uwayo wote ulikuwa umelala chini, bapa kabisa.

Aliuweka kwenye chuma. Akasogeza kizuizi. Akatazama, akasogeza tena.

"Simama."

Orrin akasimama. Ardis akapima mara ya tatu.

"Kulia kumi na moja," alisema polepole. "Kushoto kumi na nusu."

"Tisa," alisema Orrin.

"Kumi na nusu. Mguu umelala, Orrin. Miguu hulala watu wakizeeka, ikarefuka. Wako umelala zaidi kwa sababu ya lile gurudumu."

"Tangu lini?"

"Sijui. Sikupima."

Orrin aliutazama mguu wake kama mtu anayetambulishwa kwa ndugu. "Mimi nilidhani ni jeraha linaloniuma."

"Si jeraha. Ni mimi," alisema Ardis. "Nimekuvalisha kiatu kidogo miaka yote hiyo kwa kukuonea haya. Nisamehe." Machozi yalimtoka waziwazi, yakamdondokea kwenye kipimo, na hakuyafuta.

Orrin hakujua la kufanya na mwanamke anayelia. Akampigapiga begani, kama anavyompigapiga ng'ombe anayezaa. "Si kitu, Ardis," alisema. "Si kitu."

Ndipo Ardis akanyamaza ghafla. Alikuwa anaitazama ile buti ya kulia ya Orrin, iliyolala pale kwenye zulia na mavi ya ng'ombe kwenye soli. Namba kumi na moja. Akainuka, akashika ukingo wa kaunta, akashuka ghalani, na watu wakasikia maboksi yakianguka chini huko. Alipopanda alikuwa na vumbi kichwani na boksi lililoandikwa 2022.

Ndani yake kulikuwa na buti ya kushoto namba kumi na moja, ndugu halisi wa ile ya zulia. Siku ya kununuliwa walitenganishwa, huyu akatupwa gizani. Ngozi bado inang'aa, kamba za njano hazijawahi kufungwa. Ardis akaweka soli laini ya sufu ndani, akamvalisha, akafunga kamba, akabonyeza mbele kwa kidole gumba kama baba yake alivyofanya.

"Tembea."

Orrin akatembea hadi mlangoni, buti moja kuukuu, moja mpya. Akarudi. Akaenda tena. Nafikiri hakukuwa na hata mmoja kwenye ile foleni aliyekuwa bado anatazama rafu. Alitembea sawa. Mtu ambaye mji mzima ulimjua kwa kuchechemea kwake alitembea sawa, akafika mbele ya Ardis, akasimama.

"Si kibaya," alisema.

Huku kwetu mtu akisema hivyo amepiga vigelegele. Bernadine akaanza kulia na shavu lake lililovimba.

"Mama Kolstad," alisema Bryce, kwa upole, "samahani sana. Saa sita na dakika tano. Niandike nini?"

Ardis aliitazama karatasi. Akalitazama boksi lililobaki nusu. Hesabu za mwezi wa tano hazikuwa zimebadilika. Kiatu kimoja hakilipi kodi ya jengo, na hakikuuzwa hata, maana kilikuwa cha Orrin tangu zamani.

"Andika sijui," alisema.

"Hakuna mahali pa kuandika sijui."

"Basi sijui, mwanangu. Ghala siwezi kukupa. Sijui kuna nini cha nani kule chini."

Bryce alimpa mkono, akafunga jalada lake, akavuka barabara kuelekea kituo cha mafuta, akipita kwa uangalifu penye barafu. Ardis alimfuata kwa macho mpaka akaingia. Hakuwa na uhakika kama amefanya la maana au amejifunga kitanzi, na mpaka leo ukimuuliza atakwambia hivyo hivyo.

Kisha akaliweka sanduku la kadi juu ya kaunta, akatafuta herufi ya P, akatoa kadi moja, akaisoma. Vema, vema, vema.

"Bernadine," alisema, "mimi nilikupima lini?"

"Mimi? Mimi nimekuja kurudisha—"

"Hakuna aliyekuuliza mzigo. Nakuuliza, lini?"

Bernadine akafikiri, mkono kwenye shavu. Akakiweka kifurushi chake sakafuni, akakaa kwenye kiti chekundu, akainama kufungua kamba za viatu.